Tuwapishe korongo taji wa Ol'Bolossat

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze kinachowaangamiza korongo taji katika Ziwa Ol'Bolossat, huku Nyandarua, takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Tangu 2012 ndege huyu yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Ziwa nalo lilitangazwa rasmi kuwa ardhioevu inayolindwa mwaka 2018, lakini tangazo halizibi mfereji.

Korongo taji hukanyaga matete na ndago hadi yalale, akapata jukwaa la duara katikati ya maji. Hapo hutaga mayai mawili hadi manne, na dume na jike hupokezana kuyaatamia kwa siku 28 hadi 31. Maji yale ndiyo ua wake. Mkulima akichimba mfereji ili apanue shamba la viazi, maji hushuka, na mbwa au mbweha hufika kiotani bila kulowa miguu. Ukitazama kwa mbali kiota ni kizima, kumbe mayai yameshaliwa.

Makinda hutoka kiotani siku ya kwanza au ya pili, ila hawaruki mpaka watimize siku 56 hadi 100. Basi tangu yai la kwanza, familia hiyo inahitaji maji na nyasi ndefu kwa karibu miezi mitatu, pengine zaidi ya minne. Wengi hatuuhesabu muda wa pili, yaani kuanzia kuanguliwa hadi kuruka, na ndio unaomaliza makinda. Kinda akiona hatari hujilaza kimya kwenye nyasi. Mfyekaji humkata bila kujua, au humwokota akidhani ni yatima, ilhali wazazi wako pembeni wakilia. Huyo hajaachwa. Mwacheni alipo mwondoke, na aliyejeruhiwa habari zake zipelekwe kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori Kenya (KWS), asifugwe nyumbani.

Wanaokata majani ya ng'ombe waanzie nchi kavu wakisogea kuelekea majini, ili makinda wapate pa kukimbilia. Anayeanzia majini huwafungia njia. Na ukiona korongo ameinuka kiotani kwa sababu yako, umeshamkaribia mno: kwa baridi ya alfajiri ya huku mayai hupoa upesi, na kunguru hawakawii.

Nakubali kwamba korongo hufukua mahindi yanayochipua. Hasara hiyo ni ya kweli. Lakini mbegu iliyopakwa sumu huua kundi zima, maana wasiotaga hula pamoja. Shamba lilindwe na watu hadi miche ishike mizizi. Nyaya za umeme zinazopita juu ya njia zao za asubuhi na jioni nazo zifungwe alama zinazoonekana, kwani ndege huyu ni mzito na hawezi kukata kona ghafla.

Ombi langu kwa serikali ya kaunti na vyama vya watumiaji maji ni kwamba mifereji izibwe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, sehemu kadhaa kwa kila mfereji. Ukiziba mdomoni tu, maji huzunguka kizuizi na kukibomoa. Kazi hiyo ifanywe kiangazi, kabla viota havijajengwa, na waanze na mifereji iliyo karibu na chanzo cha mto Ewaso Narok, ambao wakulima na wafugaji wa chini wanautegemea. Mbwa wa manyatta na mashamba ya kandokando wafungwe msimu wa makinda.

Mdau wa uhifadhi,
Nyahururu