Folda zetu msizizike kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu mwandishi wenu wa safu ya teknolojia. Ametuambia kwamba kupanga mafaili kwenye kompyuta ni kupoteza muda, na kwamba siku hizi mtu anaandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia na faili linajileta lenyewe. Mimi ni karani wa masjala. Kutwa nzima kazi yangu ni kupokea barua zilizoskaniwa, kuzipa majina, kuziweka kwenye majalada yake na kuzitoa zinapoulizwa. Sina ugomvi na kutafuta, natafuta kila siku. Ila kutafuta kunamfaa anayejua anachokitaka kinaitwaje, na skana haijui. Ikimaliza kazi inaniachia mafaili yanayoitwa scan0001, scan0002 na kuendelea, na ndani ya kila moja mna picha ya karatasi. Picha hiyo isipopitishwa kwenye programu ya kutambua maandishi, haina hata neno moja la kutafutwa. Bosi akisimama mlangoni akaulizia "ile barua ya mkandarasi, ile iliyokuja na mchoro", utaandika nini kwenye kisanduku?

Ninavyoona mimi, watu hawachoshwi na folda. Wanachoshwa na dirisha la mafaili lililokuja na kompyuta likiwa limepangwa kwa ajili ya mtu wa kubuniwa, mwenye picha chache za kutazama na haraka ya kurudia alichokifungua jana. Wanalitumia hivyo hivyo miaka nenda miaka rudi, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba lina mipangilio. Hapo ndipo safu yenu ingeanzia.

Chukua ikoni kubwa. Kwa mpiga picha ni sawa. Kwangu, skrini nzima inajaa karatasi nyeupe zinazofanana kama pacha, na jina refu linakatwa katikati. Mimi nataka orodha: jina upande wa kushoto, tarehe, aina na ukubwa kwenye safu zake, mistari imebanana. Kwenye Windows, Ctrl na Shift na 6 kwa pamoja vinakupa orodha hiyo. Kisha ukibofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kichwa cha safu, utaona unaweza kuongeza safu na kuondoa usizozihitaji. Na mwonekano ukishakaa unavyotaka, ndani ya chaguo za folda kuna kitufe cha kuutumia kwenye folda zote za aina ile, ili usirudie kazi kila unapoingia chumba kipya. Vijana wa TEHAMA wananitania kwamba skrini yangu imekaa kizee. Sawa, lakini wao ndio wanaokuja kuniuliza barua iko wapi.

Kwenye safu za tarehe pana mtego ambao sijawahi kuuona ukielezwa gazetini. Ukinakili faili kwenda diski nyingine katika Windows, tarehe ya kuundwa inakuwa ile ya siku uliyonakili, lakini tarehe ya kurekebishwa inabaki ya zamani. Kwa hiyo utakutana na faili "lililorekebishwa" kabla "halijaundwa", na mgeni atadhani kompyuta imerukwa na akili. Ndiyo maana tarehe ya barua naiandika kwenye jina lenyewe, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kwa tarakimu: 2024-03-07. Utaratibu huu umo kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotoka mwaka 1988, na uzuri wake ni kwamba ukipanga orodha kwa jina, barua zinajipanga zenyewe kwa tarehe. Ukianza na siku, barua zote za tarehe mosi za miezi yote zinarundikana pamoja.

Jambo ambalo ningependa kila msomaji alifanye leo kabla hajafunga kompyuta ni kuonyesha viendelezi, yaani zile herufi za mwisho baada ya nukta: pdf, docx, jpg. Windows huvificha usipoiambia vinginevyo. Mwezi Mei mwaka 2000 virusi vya ILOVEYOU vilienea duniani kwa barua pepe yenye kiambatisho kilichoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Aliyeficha viendelezi aliona kinaishia na TXT, akadhani ni maandishi ya kawaida, akabofya, kumbe ile vbs iliyofichwa ndiyo iliyokuwa programu yenyewe. Robo karne imepita, na kompyuta mpya bado zinakuja zikiwa zimeficha. Katika Windows 11 fungua menyu ya mwonekano kwenye dirisha la mafaili, ingia sehemu ya kuonyesha, weka alama kwenye viendelezi vya majina. Basi. Kwenye Mac, kisanduku hicho kimo kwenye mipangilio ya Finder, yaani dirisha la mafaili la huko, upande wa mambo ya kina. Wapo wanaohofia kwamba watakifuta kiendelezi kwa bahati mbaya wakibadili jina la faili. Wasiwe na shaka: ukibonyeza F2, Windows inachagua jina peke yake na kukiacha kiendelezi nje.

Na hiyo F2 ndiyo inayoniwezesha kurudi nyumbani kwa wakati. Nasimama kwenye faili la kwanza la skana, nabonyeza F2, naandika tarehe na namba ya jalada na maneno mawili matatu. Sibonyezi kitufe cha kuingiza (Enter), nabonyeza Tab, nalo faili linalofuata linajifungua papo hapo likisubiri jina. Upande wa kulia nimeacha wazi kidirisha cha kuchungulia, ambacho unakifungua kwa Alt na P, ili niione barua bila kuifungua. Basi ni kuchungulia, kuandika na Tab, mkono hauendi kwenye kipanya hata kidogo. Angalizo moja tu: ukiwa umepanga kwa jina, faili lenye jina jipya linaweza kuruka kwenda sehemu nyingine ya orodha na kukupotezea mfuatano. Kwa hiyo wakati wa kubatiza mafaili mimi hupanga kwa tarehe ya kurekebishwa, kwa sababu kubadili jina hakuigusi tarehe hiyo.

Kuhusu kuhamisha mafaili nina msimamo mkali. Dirisha moja halitoshi. Mwaka 1986 ilitoka programu iliyoitwa Norton Commander, ikagawa skrini pande mbili: huku unakotoa, kule unakopeleka, F5 ya kunakili, F6 ya kuhamisha. Hadi leo Total Commander inafuata mtindo ule ule kwa vitufe vile vile, na wanaoitumia huwatoi. Wanaotumia mfumo wa Linux wenye Dolphin, programu ya mafaili ya huko, wanabonyeza F3, dirisha linagawanyika. Waliotengeneza Nautilus, programu nyingine ya mafaili ya Linux, waliuondoa mgawanyo huo kwenye toleo la 3.6 la mwaka 2012, na watu wa Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux, wakachukua msimbo wake wakatengeneza programu yao, Nemo, ambamo F3 ipo hadi sasa. Nawataja kwa makusudi, maana mwandishi wenu anafanya kama mazoea ya mtumiaji ni ubishi wa wazee, na kumbe kuna waliounda programu nzima kwa sababu yake. Asiyetaka kusakinisha kitu afungue madirisha mawili ya kawaida, moja alisukume kushoto kwa kitufe cha Windows na mshale, jingine kulia. Akumbuke tu kwamba kuburuta faili ndani ya diski moja ni kuhamisha, na kuburuta kwenda diski nyingine ni kunakili. Akishikilia Ctrl wakati anaburuta inakuwa nakala popote pale, akishikilia Shift inakuwa kuhamisha. Mtu asiyelijua hili ndiye anayejaza ofisi nakala nne za barua moja.

Mengine ni madogo, nayataja kwa haraka. Dirisha linaweza kuambiwa lifunguke kwenye diski zako badala ya ukurasa wa mafaili ya karibuni. Folda unazoziingia kila siku zibandikwe kwenye safu ya kushoto, na usizozitumia ziondolewe, maana safu ile ikirefuka haisomeki. Folda ya vipakuliwa, ambayo tangu mwaka 2019 Windows huipanga kwa mafungu ya "leo", "jana" na "wiki iliyopita", inaweza kurudishwa kuwa orodha moja kwa kuchagua isiweke mafungu. Binafsi nimeyaacha mafungu yale. Vipakuliwa ni kibaraza, si masjala, na kinachokaa pale zaidi ya mwezi huwa nakifuta bila huruma.

Nimesikia hoja kwamba kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi, mmoja akipanga anavyotaka anawavuruga wenzake. Hoja hiyo ina nguvu mahali ambapo wote wanaingia kwa akaunti moja, jambo ambalo halifai kwa sababu nyingine nyingi. Mipangilio hii inamfuata mtumiaji. Kila mtu akiingia kwa akaunti yake atalikuta dirisha alivyoliacha, na jirani wa zamu ya jioni atazikuta ikoni zake kubwa kama anazipenda.

Nirudi kwenye kisanduku cha kutafutia, nisije nikaonekana nakichukia. Kwenye Windows, kisanduku kilicho juu ya dirisha la mafaili kinatafuta ndani ya folda uliyosimama na zile zilizo chini yake. Ukisimama kwenye diski nzima ukaandika "barua", utaketi ukitazama mstari wa kijani ukitambaa na mwisho wake utapewa mamia. Ukisimama ndani ya jalada la mkandarasi ukaandika 2024-03*.pdf, ile nyota ikisimama badala ya herufi zozote, zinakuja za mwezi ule peke yake, na zile za docx zinabaki nje. Mwandishi wenu ajaribu hivyo kwenye kompyuta yake kabla ya makala ijayo, kama bado ana folda ya kusimamia.

Karani wa masjala