Uzamivu wa vijana wangu sio uchawi

Kaka mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi za kazi. Mi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, na gazeti lenu huwa nalisoma kabla sijalifungia mzigo wa mteja, usinune ndo ukweli. Naandika kumjibu yule msomaji aliyesema vijana wanaocheza gemu za nguvu za akili (zile za kuigiza wahusika wanaoingia kwenye mawazo ya mtu, sheria zake wanaziandika daftarini) wanafundishwa uchawi na sisi wazazi tuyachome madaftari yao.

Mi hilo daftari la hawa wangu nimelisoma lote. Nilivyolijua ni hivi, siku moja kijana wangu wa kidato cha tatu karudi jioni haongei. Namuuliza umekula, anatikisa kichwa, namuuliza una nini, anaonyesha koo. Nikamshika paji la uso hana joto, nikajua huyu kakwama mwiba wa sato, basi nikamfinyangia bonge la ugali la juzi nikamwambia meza hivyo hivyo usitafune, akameza machozi yanamtoka na bado kimya. Nishafunga kitenge nataka kumpeleka hospitali ndo mdogo wake anasema, huku anacheka, mama huyo haumwi, alizama pumzi zikaisha.

Kumbe kwenye gemu lao wana nchi waliyoitunga wenyewe, inaitwa Maji Saba, na ndani yake kuna elimu inaitwa uzamivu (sio ile ya chuo kikuu, na sio ya kuzamia meli kwenda Ulaya). Huko akili ya kila mtu ni ziwa na mwenye elimu hiyo anaweza kuzama kwenye ziwa la mwenzake. Juu juu unakuta njaa, hasira, usingizi, vitu ambavyo hata mi navijua kwa kumwangalia mtu usoni. Ukishuka katikati unasikia maneno anayotaka kusema. Chini kabisa kwenye tope ndo kuna kumbukumbu, na huko wanafika wachache tena baada ya miaka ya kujifunza kukaa kimya. Kila mzamiaji anapewa pumzi 12 kwa siku, kushuka kunakula pumzi na kupanda juu kunakula pumzi, na wengi wanasahau kuweka za kupandia. Zikikuishia chini unalipa kwa sauti yako, siku tatu huongei, na hawa wangu wamekubaliana kwamba adhabu anaitumikia mchezaji mwenyewe mpaka nyumbani kwake. Ndo bonge langu la ugali likaenda bure.

Sasa mtu wa biashara kama mi nikiona hesabu ya pumzi naona mtaji. Unaingia na 12, ukitumia zote kwenye kununua mzigo utasafirisha na nini? Mwenzao mmoja anayesoma chuo akaniambia hayo sio mapya, kuna gemu la kete la Marekani, Dungeons & Dragons, lilitoka 1974 na miaka miwili baadaye likawekewa sheria za nguvu za akili, nako unatumia kwa pointi na zikiisha umekwisha. Na hata huku kwetu nani alisikia dawa isiyo na miiko? Nendeni Bujora pale Kisesa kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, mwezi wa sita muone vikundi vya Bagalu na Bagika wanavyoshindana kuvuta watu kwa ngoma, simulizi zinasema walianza kwa waganga wawili, Gumha na Ngika, waliobishana dawa ya nani ina nguvu. Msomaji wenu akawachomee na wao basi.

Mi nina ugomvi mmoja tu na hawa vijana na nimewaambia. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi ya dagaa haiendi, kwa hiyo siku hizo nipo nyumbani mapema nawasikiliza wanarusha kete za ludo kwenye jamvi. Siku hiyo mhusika wa mmoja wao akazama kwa muuza samaki akajua bei yake ya mwisho, akanunua kwa bei hiyo akaondoka zake anachekelea. Nikaacha kuchambua mchele nikawafuata. Nikawauliza, hiyo nchi yenu itakuwaje na soko kama mnunuzi anaingia kichwani kwangu bila hodi? Mi nikisema gunia halipungui hata mia huku moyoni najua linapungua, hiyo ndo biashara yenyewe, nyinyi mnataka nile nini. Wakabishana mpaka saa nne usiku, mmoja anasema basi maji yakizamiwa lazima yatibuke ili mwenye ziwa ajue, mwingine anasema wazamiaji wavae kitambaa cheupe mkononi na sokoni wasikanyage. Wakachukua vyote viwili, wakaandika kwenye kauntabuku, na chini wakaandika sheria ya mama dagaa. Mpaka leo sijui ni heshima au ni kunicheka.

Huyo msomaji angeandika habari ya wanaouza uongo ningemuunga mkono. Binti wa jirani yangu alilipa elfu thelathini kwa mtu wa kwenye simu, simtaji, eti kozi ya kusoma mawazo, akaambiwa aangalie mshumaa wiki mbili, macho yakamuuma hela haikurudi. Huyo muuza kozi hana pumzi 12 wala siku tatu za kukaa bubu, kwake kila kitu kinawezekana ukiongeza hela kidogo.

Hata huko kusoma mawazo tulijaribu. Yule wa chuo akatueleza kwamba miaka ya 1930 kulikuwa na mtafiti anaitwa J. B. Rhine, Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, alipima watu kwa kadi 25 zenye michoro mitano, duara, msalaba, mawimbi, mraba na nyota, unataja mchoro bila kuiona kadi, ukibahatisha tu unategemewa upate kama 5. Tukakata boksi la biskuti tukachora. Mi nikapata 6, nikaanza kujiona, kijana wangu akapata 3, tukachanganya tukarudia mi nikapata 4. Serikali ya Marekani nayo ilihangaika na watu waliodai kuona vya mbali kwa akili tu zaidi ya miaka 20 mpaka ikafunga mradi 1995, na James Randi, mtu wa mazingaombwe, aliweka dola milioni moja kwa yeyote atakayeonyesha nguvu hizo kwenye jaribio la masharti waliyokubaliana, mpaka zawadi inafungwa 2015 hakuna aliyeichukua. Vijana wangu wanayajua haya yote na jioni bado wanazama, kwa sababu wanajua Maji Saba iko kwenye daftari.

Halafu ombi, kaka mhariri, hata ukikata mengine hili liache. Kete za ludo zina pande sita na wao wanataka za pande kumi, saa hizi wanaokota vikaratasi kwenye kopo la maziwa na mmoja tayari kashikwa amekunja kona ya namba 10. Nimezunguka Makoroboi yote sijaziona. Kama kuna msomaji anajua zinauzwa wapi hapa Mwanza, aandike humu humu nitaona.

Mama Dagaa,
Kirumba, Mwanza