Jumamosi tunakaa na wachoraji
Habari za asubuhi wana kikundi. Jumamosi saa 4 asubuhi tukutane Oysterbay, Dar es Salaam, kwa wachoraji wa picha za mtindo wa Tingatinga. Marehemu Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora 1968, akafariki 1972, na mpaka leo kuna familia zinakula kwa mtindo wake. Tuwaulize mambo ya kweli: bei wanaipangaje, watalii wakiadimika wanaishije, kazi wanamrithisha nani. Safari iliyopita nilimtazama kijana akiweka madoa ya chui moja moja, rangi inanuka kali, hasemi neno. Naomba sana tusimkatize mtu akiwa na brashi mkononi. Ukinunua, usimkandamize bei. Hiyo ndiyo kodi ya nyumba yake. Nauli kila mtu ajitegemee. Anayekuja aandike jina hapa kabla ya Alhamisi jioni.