Maji ya upako hayasuki mota

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita ulichapisha barua ya msomaji wa Iringa aliyedai kuwa hatuvumbui kitu kwa sababu dini na mila zimetufunga. Mimi ni fundi wa mashine za kusaga hapa Mwanjelwa, Mbeya, na naomba nimjibu, ingawa kwanza nimpe haki yake. Mwaka juzi mteja wangu mmoja aliimwagia mota maji ya upako siku ya kuizindua. Ilitoa cheche, ikaungua. Nikaisuka upya nyaya zake za ndani, naye akanilipa kwa kununa kana kwamba pepo lilikuwa la kwangu.

Ila hoja yake siimezi nzima. Majirani zetu Wafipa wa Rukwa waliyeyusha chuma kwa matanuru ya udongo yaitwayo malungu, marefu kumzidi mtu, yanayovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Mivukuto waliitumia baadaye, kwenye tanuru dogo la kukisafisha kile chuma. Lile kubwa lilipambwa kama bibi harusi, dawa zikafukiwa chini yake, na wayeyushaji wakakaa mbali na wake zao mpaka kazi iishe. Msomi atasema ushirikina. Mimi ninayesimamia vijana watano naona utaratibu wa kazi: moto wa namna ile hauachwi peke yake, na kijana aliyelala kwake hufika saa nne asubuhi akiwa na visingizio. Mwiko uliwabakiza pale. Dawa zenyewe sidhani kama ziliongeza hata ratili moja ya chuma.

Na kwa nini wahangaike hivyo? Majembe. Yalitakiwa shambani, na sehemu nyingi za nyanda hizi yalitakiwa pia kwenye mahari. Mahari tuyaite mila au biashara? Msomaji wako atenganishe mwenyewe. Kazi ile haikuuawa na mizimu. Iliuawa na majembe ya bei rahisi yaliyokuja kwa meli.

Waislamu waliotaka kujua kibla na nyakati za swala waliinoa sana elimu ya nyota, lakini tusiende mbali. Masista Wabenediktini wa Chipole, mkoani Ruvuma, wana kituo cha umeme pale Tulila kwenye Mto Ruvuma, megawati 5, na wanaliuzia shirika la umeme, TANESCO. Rozari haizungushi mtambo, najua. Maji ndiyo yanayozungusha, na mahesabu ni ya wahandisi. Lakini mradi kama ule unataka mtu wa kusubiri miaka bila kuona shilingi, na mfanyabiashara wa Mwanjelwa, mimi nikiwemo, hasubiri hivyo. Watu waliokula kiapo cha kuishi pamoja mpaka kufa wanaweza.

Kama kuna mila ninayoilaumu, ni siri. Fundi aliyenifundisha alikuwa mcha Mungu na mkarimu, ila kila alipofika kupima nafasi kati ya nyundo zinazoponda nafaka ndani ya mashine na chekeche linalopitisha unga alinituma chai. Miaka mitatu nilinunua chai. Alikuwa na namna yake ya kusawazisha nyundo, mashine ikizunguka huwezi kusikia mtikisiko, na unga wake ulitoka laini kuliko wa yeyote pale mtaani. Alipofariki tulifungua sanduku lake la vifaa: spana, kipande cha tasbihi, na hakuna hata karatasi moja yenye kipimo. Mpaka leo napapasa. Nimeipata kwa kiasi fulani, baada ya kuharibu machekeche nisiyotaka kuyahesabu.

Vipimo vyangu nimeviandika kwa rangi nyeupe ndani ya mlango wa karakana. Majirani wananicheka kwamba nawagawia riziki yangu, na wawili kati yao wameshakuja kuvipiga picha jioni wakidhani sipo.

Fundi mashine,
Mwanjelwa, Mbeya