Kabla hujapanda boti kurudi Lamu

Mwanangu,

Upasuaji wa kupunguza matiti umeuamua mwenyewe, na mabega yaliyokatwa na mikanda ya sidiria yanakutosha kuwa sababu. Nakuandikia ujue kinachokungoja.

Utapigwa nusukaputi, kazi ya saa 2 hadi 4. Mkato wa kawaida una umbo la nanga: unazunguka chuchu, unashuka, kisha unafuata mkunjo wa chini. Chuchu yenyewe mara nyingi haitenganishwi. Hubaki imeshikiliwa na kipande cha nyama kinachoipelekea damu, ndipo ikapandishwa. Kwa hiyo shisha uiache angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada. Nikotini hubana mishipa, na chuchu iliyokosa damu hufa. Nakusihi mamangu, hapo usijidanganye.

Titi moja likivimba ghafla siku ya kwanza, likawa gumu na kuuma kuliko la pili, usingoje kuche: damu inajikusanya ndani. Homa ya nyuzi 38, usaha, mguu mmoja kuvimba au pumzi kukatika, navyo ni vya kukimbilia hospitali. Ndiyo maana nataka ukae Mombasa mpaka daktari akuone tena na kukuruhusu. Safari hadi Mokowe, gati la bara la kupandia boti, ni ndefu, boti inarusha, na gatini mtu atakudaka mkono akuvute juu. Mkono huo ukivutwa, kifua kizima kinavutika.

Huku nyumbani, sidiria laini ya kufunga mbele usiivue mchana wala usiku, kama wiki 6. Lala chali, mito mgongoni. Madera ya kuingiza kichwani yaweke kando. Vaa gauni la vifungo mbele. Dumu la lita 20 ni kilo 20, nawe usizidishe kilo 2. Hata mbuzi ya nazi usiikalie.

Pale mkato wa wima unapokutana na wa mkunjo, ngozi huvutwa pande zote, ndipo panapopenda kufunguka baada ya wiki kadhaa. Kidonda kidogo cha hapo husafishwa, hufungwa, hujaa chenyewe polepole. Joto letu hili litakutoa jasho: weka shashi safi kavu, uibadilishe.

Ganzi ya chuchu huweza kudumu miezi, na kwa wengine haiondoki. Maziwa ya kunyonyesha pia huweza kupungua. Kama unataka mtoto karibuni, mwambie daktari sasa. Umwonyeshe na lile kovu la sikio lililovimba ulipotobolewa, maana ngozi ya namna hiyo huweza kufanya vivyo hivyo kifuani.

Mamako