YAH: UNGA MLIONITUMIA SIO NILIOLIPIA, UNAWAKA RANGI YA MACHUNGWA BADALA YA NYEKUNDU

Habari za kazi ndugu zangu wa huduma kwa wateja,

Nimeshapiga simu mara tatu naambiwa subiri utapigiwa, kimya, ndo nimeamua kuandika. Niliagiza kwenu gramu 10 za unga wa yitriamu oksaidi wenye yuropiamu (elementi ndiyo inayotoa mwanga), ule unaotoa wekundu ndani ya tyubulaiti, hela nikatanguliza yote na mzigo nikaufuata mwenyewe stendi ya Nanenane alfajiri, na baridi ya Mbeya mnaijua. Lebo haina shida. Ila tulipozima taa maabara nikaumulika kwa UV, vijana wakaniuliza sir mbona sio nyekundu? Kweli, rangi ya papai lililoiva kabisa.

Nikaupima kwa spektromita, kile kifaa kinachochora grafu ya rangi za mwanga, kilele kirefu kiko nanomita 593, yaani rangi ya machungwa, na cha 611, ambacho ndo chekundu, kiko chini yake. Hapo ndo kwenye kesi yetu. Huo mwanga wa 593 unatoka kwa daipoli ya sumaku, yaani mtikisiko wa kisumaku ndani ya atomu, haujali sana yuropiamu imekaa ndani ya kitu gani, nguvu yake ni karibu ileile popote. Wa 611 ni wa daipoli ya umeme, huo unasikiliza majirani: ayoni ya yuropiamu, yaani atomu yake yenye chaji, ikikaa mahali ambapo kila jirani ana pacha wake upande wa pili mwanga unafifia, pacha wakikosekana unapaa. Na kwenye yitriamu oksaidi robo tatu ya nafasi hazina hao pacha, kwahiyo 611 lazima iongoze tena kwa mbali sana.

Dada aliyepokea simu akasema labda taa yangu dhaifu. Hapana dada yangu, vilele vyote viwili vinaanzia ngazi moja ya nishati, taa ikiwa dhaifu vinashuka pamoja, havibadilishani nafasi. Mimi nahisi mmenipimia borati ya yitriamu, familia ya ule unga wa TV za plazma, ni unga mzuri tu kwa kazi yake lakini mimi sikuuagiza.

Naomba mnitumie sahihi au mnirudishie hela yangu kabla ya Ijumaa ijayo, na nauli ya kurudisha hiki kichupa iwe juu yenu. Grafu nimeambatanisha na picha ya lebo pia, kichupa nimekifunga kwa selotepu kama kilivyo, hatujatumia hata gramu moja. Praktiko ya vijana imesimama.

Mwalimu wa fizikia, Mbeya