Barua kwa Elia: ibada mkiwa safarini

Mpendwa ndugu yangu Elia,

Bwana Yesu asifiwe. Nimefurahi sana kusikia kwamba wenzako wamekukabidhi ibada za safari yenu ya watu 18. Umeniuliza kama ubebe utaratibu wote wa ibada ya kanisani kwenu. Usibebe. Ibada ya safarini huharibika pale kiongozi anapotaka kulihamisha kanisa zima, pamoja na matangazo na mahubiri ya saa nzima, alitie kwenye chumba cha hoteli chenye viti sita. Bakiza vile ambavyo ibada haisimami bila hivyo: wimbo, ungamo, Neno, maombi na baraka.

Dakika 38 zinatosha. Wito na wimbo wa kwanza dakika 6, ungamo 3, zaburi na somo 6, neno 10, maombi 8, kisha Sala ya Bwana, wimbo wa mwisho na baraka dakika 5. Usilionee neno huruma, likifika dakika 10 lifunge. Kule Troa, Paulo alipoendelea kunena mpaka usiku wa manane, kijana Eutiko alilemewa na usingizi dirishani akaanguka kutoka orofa ya tatu (Matendo 20). Na watu wako watakuwa wametoka kukaa garini siku nzima.

Kwa maombi, fanya hesabu kabla. Mkizunguka kila mtu aombe dakika moja tu, ni dakika 18, na hakuna anayeomba dakika moja. Teua watatu tangu jana yake, kila mmoja na jambo lake: mmoja awaombee waliobaki nyumbani, mwingine safari na wenyeji wenu, wa tatu wagonjwa na wenye huzuni. Vivyo hivyo msomaji na mwanzisha nyimbo wajue zamu zao mapema. Msomaji asome kwa sauti lile somo mara mbili akiwa peke yake, maana majina ya Agano la Kale humkwaza mtu anayeyaona kwa mara ya kwanza mbele za watu.

Kwenye nyimbo ndiko nakuomba uwe mwangalifu zaidi. Bila kinanda, mwanzisha wimbo huanza juu kuliko inavyofaa, ubeti unapita salama, halafu kwenye kiitikio sauti zinakatika na nusu ya watu wananyamaza. Tiba yake ni ndogo: kabla ya ibada aimbe kwa sauti ya chini mahali palipo juu kabisa katika wimbo, ambapo mara nyingi ni kiitikio. Koo likibana, ashushe, arudie, ndipo aushike mwanzo wa ubeti kwa kimo hicho. Chagua nyimbo tatu tu ambazo wote wanazijua. Usitaje namba ya wimbo, kwa sababu kila dhehebu lina kitabu chake, na wimbo uleule una namba nyingine na mara nyingi maneno mengine. Chapa maneno kwenye karatasi kwa herufi kubwa, nakala 10: tisa za watu wawili wawili na moja ya akiba. Simu nazo zisaidie, ila Biblia iwe imepakuliwa kabla hamjaondoka, kwa maana intaneti hukatika, na anayewasha data ili atafute mstari hupokea jumbe zote za usiku katikati ya ungamo.

Hata Sala ya Bwana iandike kwenye karatasi hiyohiyo, kama kundi lina watu wa makanisa mbalimbali. Wakatoliki husema “utusamehe makosa yetu”, wanaofuata Biblia ya Union Version husema “utusamehe deni zetu”. Wakatoliki humalizia kwenye “utuopoe maovuni” na kusema Amina, wengine wanaendelea na “kwa kuwa ufalme ni wako”. Usipowaambia mapema mtatumia maneno yapi, sala ambayo wote wanaijua kwa moyo ndiyo itakayogongana vinywani mwenu. Kwa sababu hiyohiyo somo lisomwe na mtu mmoja, watu wasisome kwa pamoja kutoka tafsiri tofauti.

Mahali pakague siku moja kabla, saa ileile ya ibada. Huko Filipi Paulo na wenzake walitoka nje ya lango, kando ya mto, wakaketi wakasema na wanawake waliokutanika pale, kwa hiyo ibada ya nje haina upungufu wowote. Mkiwa nje, jua lipige uso wako wewe, sio wa watu. Simama upande unakotoka upepo, ili uichukue sauti yako kuwapelekea, nao wakae nusu duara kwa mistari miwili. Mkiwa hotelini, omba ruhusa kwa uongozi na utaje muda wa kuanza na kumaliza. Na kabla ya kukusanyika hadharani katika nchi ya watu, waulize wenyeji sheria inasemaje, kwani kuna nchi ambako mkusanyiko wa ibada unahitaji kibali.

Saa nzuri ni asubuhi kabla ya kifungua kinywa, sababu baada ya chakula watu hutawanyika kupanga mizigo. Lakini uliza kwa siri kama yupo mwenye kisukari anayechoma insulini. Akiwepo, mle kwanza.

Meza ya Bwana usiiandae bila kuzungumza na mchungaji wako. Kwa Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri, mlei anaweza kuongoza ibada ya Neno, ila Meza huongozwa na aliyewekewa mikono. Kama mchungaji atasafiri nanyi, hesabu juisi ya zabibu kijiko kimoja cha chakula, yaani mililita 15, kwa kila mtu. Kwa watu 18 ni mililita 270, chupa ya nusu lita inabakiza. Isifunguliwe mpaka siku yenyewe, maana juisi ya zabibu iliyofunguliwa huchacha upesi kwenye joto la gari. Mkate uwe wa bapa, haupukutiki. Mwulize pia kinachobaki kifanyiwe nini.

Sadaka ihesabiwe na watu wawili na iandikwe palepale, fedha ya kila nchi kwenye mstari wake. Sarafu zitumieni kabla ya kuvuka mpaka, kwa kawaida wabadilisha fedha hawazipokei.

Umesema Jumapili ya pili mtakuwa njiani kutwa, na jambo hilo linakusumbua. Soma Hesabu 9: aliyekuwa katika safari ya mbali hakunyimwa Pasaka, alipewa siku ya 14 ya mwezi wa pili. Fanyeni Jumamosi jioni mkishafika mnakolala. Ila kama miongoni mwenu wapo wanaotunza Sabato, yao inaanza Ijumaa jua linapotua mahali mlipo, si kwa saa ya nyumbani, basi wapangie ratiba ya Ijumaa isiyo na safari ya usiku.

Zaburi ningeanza na ya 121, ni miongoni mwa zile 15 za kupanda kwenda Yerusalemu, kuanzia 120 hadi 134. Nitumie majina ya makanisa wanayotoka wenzako, nikuandalie hiyo karatasi ya nyimbo kabla hujaichapa.

Rafiki yako katika Bwana,
Tumaini